Vifaru vinne kabatini, mama watoto kanuna!

Mimi huku Nottingham nipo, boksi nabeba, baridi inanipiga kama kawaida. Lakini wiki hii kilichonipiga zaidi si baridi. Ni mama watoto.

Kisa chenyewe hiki. Jumamosi asubuhi natoka zamu ya usiku, macho mekundu kama nyanya, nafungua mlango namkuta mama watoto kakaa kwenye kochi, kanuna. Mezani kapanga maboksi manne aliyoyafukua kabatini. Juu ya kila boksi kuna picha ya kifaru. Sizungumzii kifaru yule mnyama mwenye pembe wa Ngorongoro, la hasha. Kifaru cha vita, kile chenye minyororo na mzinga.

"Baba Hemedi, hivi ni vitu gani?"

"Vifaru, mama Hemedi."

"Hilo naliona. Nakuuliza, baba mzima na ndevu zako, bili ya gesi haijalipwa, wewe unanunua midoli?"

Bwana wee! Nikajua leo ni leo. Maboksi manne hayo yalinitoka pauni 90 taslimu: 28, 5, 26 na 31. Kukataa siwezi, risiti zimo ndani. Ikabidi niape kwamba nitaeleza kila pauni ilikwenda wapi. Na kwa kuwa ninyi ndio mashahidi wangu wa kila wiki, maelezo hayo nawapa na ninyi, kifaru kimoja baada ya kingine, na maksi zake. Mwisho mtaamua wenyewe kama nina kesi ya kujibu.

MJI WENYEWE NDIO HUU

Watu wengi nyumbani ukiwatajia Nottingham wanakumbuka Nottingham Forest, timu iliyobeba Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1979 na 1980. Sawa. Ila kuna kitu kingine ambacho hamkijui. Mji huu ndio kama Kariakoo ya vijisanamu vya vita. Games Workshop makao makuu yao yako hapa. Warlord Games nao wako hapa. Ukipanda basi jioni usishangae kumwona mzee wa miaka 60 kapakata boksi la jeshi zima la Napoleon, analilinda kuliko mkoba wa mkewe.

Mchezo wenyewe unachezwaje? Chukua meza ndefu, futi 6 kwa futi 4. Weka vinyumba, miti, uzio, barabara. Kila mchezaji anapanga askari wake wadogo na vifaru vyake. Mnapima mwendo kwa tepu kama ya fundi seremala, mnarusha dadu kujua nani kapiga, nani kakosa. Kabla ya kuanza kila mtu anapewa pointi sawa za kununulia jeshi: askari wa kawaida pointi chache, kifaru kikubwa pointi lundo.

Na usidhani huu ni utoto wa juzi. Maofisa wa Prussia walikuwa wanacheza vita mezani tangu 1824 ili kujifunza kazi. Mwandishi H. G. Wells, yule wa hadithi za kusafiri ndani ya wakati, alitoa kitabu kizima cha kanuni za vita vya sebuleni mwaka 1913. Siku hizi kwa Vita ya Pili ya Dunia majina mawili yanatamba. Flames of War ya kampuni ya Battlefront ya New Zealand ilitoka 2002, na Bolt Action ya Warlord ikatoka 2012.

Hapo ndipo suala la ukubwa linapoingia, na ndipo washamba kama mimi tunapoliwa hela. Bolt Action hutumia askari wa milimita 28, na kifaru chake kinapunguzwa mara 56. Flames of War hutumia askari wa milimita 15, kifaru chake kinapunguzwa mara 100. Kile cha kupunguzwa mara 35 ambacho unakiona kinang'aa dirishani mwa duka ni cha kuweka kabatini, kukitazama na kukipangusa vumbi. Ukikipeleka mezani kwa askari wa milimita 28 kitaonekana kama lori la taka lililoegeshwa katikati ya watoto wa chekechea. Kabla ya kutoa mshiko, soma namba kwenye boksi. Mimi sikusoma nusura ninunue hicho.

MTOTO HASEMI

Sasa kwa nini niliingia kwenye mambo haya? Kwa sababu ya Hemedi.

Hemedi ana miaka 14. Wenye watoto wa umri huo wataniunga mkono. Mwaka mzima kijana alikuwa hasemi nami. Si kwamba tumegombana, hapana. Nikimwuliza "Shule vipi?" ananijibu "Poa." Nikimwuliza "Umekula?" anasema "Ndiyo." Halafu mlango wa chumba chake unajifunga taratibu. Mimi zamu za usiku, yeye shule za mchana, tukawa kama wapangaji wawili tunaochangia choo. Inauma, asikwambie mtu. Umevuka bahari kwa ajili ya mtoto, halafu mtoto mwenyewe anakupa maneno mawili kwa siku kama dozi ya malaria.

Siku moja akaniletea sentensi nzima. "Baba, kuna klabu ya vita ya mezani, Alhamisi jioni. Nataka Tiger." Sikuuliza Tiger ni nini. Nilivaa koti.

KIFARU CHA KWANZA: TIGER, PAUNI 28

Tiger ndicho kifaru cha Wajerumani ambacho kila kijana anakitaka. Kile cha kweli kilikuwa na uzito wa tani 57, bamba la mbele la unene wa milimita 100, na mzinga wa milimita 88. Kikipunguzwa mara 56 kinakuwa na urefu wa sentimeta 15 ukihesabu na mtutu. Kiko plastiki, kinakaa mkononi vizuri, sura yake ya kibabe. Ukikiweka mezani wenzio wote wanageuka. Sifa hizo nakipa.

Tatizo ni miguu. Tiger halisi ilikuwa na magurudumu yaliyopandana kama magamba ya samaki, safu juu ya safu. Kwenye matope na baridi ya Urusi yalishika tope likaganda katikati, mafundi wakalia. Basi kilio hicho hicho kimehamia mezani kwangu. Gurudumu moja, gundi. Gurudumu jingine, gundi. La tatu limeingia pasipo pake, bandua. La nne limeruka chini ya friji. Hemedi alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kuchezea simu. Siku ya tatu mlango ukajifunga, nikabaki peke yangu saa nane usiku natafuta gurudumu kwa tochi. Wiki tatu zilipita kabla kifaru hakijasimama.

Tukaenda klabu. Hemedi kashika Tiger yake kama kombe. Akapangiwa na mzee mmoja mstaafu, jina lake kapuni, tumwite Mzee Fundi kwa sababu mikono yake haina mchezo. Mzee kaleta Sherman viwili vya Kimarekani, rangi imechunika. Mimi moyoni nikasema huyu babu leo anaaibika.

Kumbe! Tiger ilikuwa imemeza pointi nyingi mno, askari wa Hemedi wakabaki wa kuhesabika. Sherman kimoja kikakaa mbele kinajificha nyuma ya nyumba, kingine kikazunguka pembeni. Kanuni zinasema ukimpiga mtu ubavuni au kisogoni kombora linatoboa kirahisi zaidi. Raundi ya nne tu, dadu zikaanguka vibaya, Tiger ikawaka moto. Hemedi hakusema kitu. Alikunja sura tu, na njiani kurudi akaweka vile vinywele masikioni vya kusikilizia muziki.

Mzee Fundi alinivuta kando akaniambia kitu ambacho nimekikumbuka mpaka leo: Tiger zilitengenezwa kama 1,350 tu vita nzima, lakini klabuni kwake kila kijana mpya anakuja na moja. Sherman zilitengenezwa zaidi ya 49,000. "Vita ilishindwa na vile vingi," akasema, "si na kile kizuri."

Maksi: 5 kati ya 10. Sura 10, kazi ya kuunga 2, kazi mezani inategemea mchezaji. Kama ndiyo unaanza, kiache kwanza. Kinunue siku ambayo mikono imezoea.

KIFARU CHA PILI: T-34, PAUNI 5

Nikaona hapa mtoto ananiponyoka tena. Nikarudi dukani nikamwambia muuzaji nataka kifaru ambacho hata mimi fundi wa kubeba maboksi nitakimaliza kabla ya zamu. Akanipa kiboksi kidogo kama cha viberiti vikubwa. Ni T-34 ya Zvezda, kampuni ya Kirusi, ya kupunguzwa mara 100.

Jamani, hiki ni kubwa kuliko! Hakitaki gundi. Vipande ni vichache, unavikata kwenye fremu, unasugua kidogo kwa msasa, unabonyeza, ta! ta! ta!, vinashikana. Nilimwekea Hemedi mezani bila neno, nikajifanya nasoma gazeti. Dakika 15 baadaye nasikia, "Baba, kimekwisha. Kuna kingine?" Maneno manne! Nilitaka kuruka.

Na T-34 yenyewe ina historia ya kumfaa kijana. Bamba lake la mbele lilikuwa na unene wa milimita 45 tu, lakini limelazwa kama paa la nyumba, kombora likija linateleza. Mbunifu wake mkuu, Mikhail Koshkin, mwaka 1940 aliongozana na vifaru vya kwanza kutoka Kharkov hadi Moscow barabarani kwenye baridi ili wakubwa wavione. Akaugua nimonia, akafa Septemba mwaka huo huo. Hakuona hata siku moja ya vita ambayo kazi yake iliamua. Hadi vita inaisha 1945, vya aina hiyo vilishatengenezwa zaidi ya 50,000.

Ubaya wa hiki? Ni kidogo. Sentimeta 6 na nukta 7 hivi. Kwenye meza ya Bolt Action hakiingii kabisa, kitafanana na mbwa. Ni cha mchezo wa milimita 15. Halafu kimoja hakitoshi, T-34 ni mnyama wa kutembea kundi, inabidi uwe navyo hata vitano. Lakini vitano vyenyewe havifikii bei ya Tiger moja!

Tena kigumu. Mtoto wa jirani alikiangusha kutoka mezani hadi kwenye vigae, kikaruka, kikatulia, mtutu mzima. Jaribio hilo lisidharauliwe. Kifaru cha mchezo kinashikwa na mikono mia, kinatiwa mfukoni, kinapanda basi. Kile chenye antena nyembamba kama unywele kitakufia njiani.

Maksi: 9 kati ya 10. Moja nimeibania kwa sababu ya udogo.

KIFARU CHA TATU: SHERMAN, PAUNI 26

Hemedi sasa kapata moto. Akasema anataka kulipa kisasi kwa Mzee Fundi, na atalipa kwa silaha ya mzee mwenyewe. Akili hiyo! Tukanunua Sherman, plastiki, ya kupunguzwa mara 56, ukubwa ule ule wa Tiger.

Kwa ukubwa huu soko ni zuri siku hizi. Warlord wanauza vya plastiki walivyoshirikiana na Italeri ya Italia, na Rubicon nao wana sifa ya kukutilia vipande vya ziada, boksi moja unachagua uunge toleo lipi. Ukiona boksi la namna hiyo usigandishe kichwa cha kifaru kwa gundi. Kiache kizunguke, na kama kuna mitutu miwili ya kuchagua, tafuta namna ya kuibadilisha. Boksi moja linakuwa vifaru viwili, na mama watoto anahesabu kimoja.

Sherman iliungwa kwa jioni mbili. Magurudumu yake yamekaa mafungumafungu, mawili mawili, hayapandani. Mwili ni vipande vikubwa, vinakaa sawasawa. Hapo nikajifunza masharti matatu, nawapa bure. Kwanza, gundi ya plastiki inayeyusha plastiki ndipo inashika, kwa hiyo tone dogo linatosha, ukimwaga unayeyusha kifaru. Pili, usinyofoe kipande kwenye fremu kwa mkono, kata kwa koleo ndogo kisha sugua. Tatu, rangi: pulizia ya kwanza moja, paka ya kijani, halafu chovya brashi kwenye rangi ya mchanga, ifute kwenye karatasi mpaka ibaki kavu, pitisha juu juu kwenye kingo. Kifaru kinapata uchakavu kama kimetoka safari ya Kigoma.

Tulikuwa kwenye hatua hiyo ya brashi kavu, saa tatu usiku, redio inaimba polepole, ndipo Hemedi akauliza bila kuinua macho:

"Baba, kwenye vita hii sisi tulikuwa upande gani?"

"Sisi nani?"

"Sisi. Watu wetu. Klabuni kila mtu ana upande wa babu yake. Kuna mmoja babu yake alikuwa ndani ya Sherman. Mimi niliulizwa nikasema hatukuwepo."

Msomaji wangu, brashi ilinianguka. Hatukuwepo! Mtoto wangu kasimama mbele ya watu kasema hatukuwepo, na kosa si lake. Ni langu. Sikuwahi kumwambia.

Maksi za Sherman: 8 kati ya 10. Ndicho kifaru cha kuanzia kwa ukubwa huo. Sasa tuendelee, maana hapa ndipo penyewe.

KEYA

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya. Vijana wa siku hizi mnaweza msijue, ulizeni wazee wenu: Keya ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililochukua vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Maelfu walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua za 1944, malaria huku, tope la magotini kule, hadi ikaufikia mto Chindwin mjini Kalewa mwezi Desemba. Babu alikuwa miongoni mwao.

Na alama ya divisheni hiyo, waliyovaa begani, unajua ilikuwa nini? Kichwa cha kifaru! Yule mwenye pembe sasa. Nilipomwambia Hemedi alinitazama kama nimemtania. "Kifaru kweli?" Kweli, mwanangu. Mzungu kwa lugha yake haoni kichekesho hapo, lakini kwa Kiswahili kifaru kilikuwa begani kwa babu yako kabla hakijafika mezani kwako.

Usiku ule ule tukapiga simu kwa mama yangu Korogwe. Hemedi na Kiswahili chake cha kuchechemea akamwuliza bibi yake kuhusu babu. Mama akasema alichokuwa anakumbuka ni kofia, ile ya ukingo mpana uliokunjwa upande mmoja, babu alirudi nayo. Utotoni walikuwa wanaichukua kwa siri kuokotea mayai ya kuku. Siku babu alipowakuta hakuwapiga. Aliitazama tu kofia na mayai yake, akasema, "Ndiyo kazi nzuri iliyopata kufanya." Hadithi hiyo hata mimi nilikuwa sijawahi kuisikia. Sikuwahi kuuliza. Dakika 40 wanaongea, vocha inateketea, mimi nimekaa ngazini nasikiliza kama mwizi.

KIFARU CHA NNE: LEE, PAUNI 31

Hemedi akabadili jeshi. Sasa anataka Burma. Mzee Fundi akamwambia askari wa Keya wengi walitembea kwa miguu, lakini kama anataka kifaru cha uwanja ule, kuna M3 Lee. Ni cha Kimarekani, kirefu kwenda juu kama daladala ya zamani, kina mizinga miwili: wa milimita 75 umechomoza ubavuni, na mdogo wa 37 uko juu kwenye kichwa. Kwingine kilishapitwa na wakati, lakini Burma Wajapani hawakuwa na vifaru vya maana vya kukipinga, kikapanda vilima vya Imphal na Kohima mwaka 1944 na kufanya kazi kweli kweli.

Tukaagiza cha rezini kutoka kwa mtengenezaji ambaye jina lake nalo liko kapuni. Boksi likafika. Ebo! Mwili umepinda kama ndizi, ukikiweka mezani kinayumba. Mnyororo wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Vitobo vya mapovu kila mahali. Pauni 31 hizo, ndizo zilizompandisha mama watoto presha nilipomwonyesha risiti.

Lakini rezini ina dawa. Unaosha vipande kwa sabuni kutoa mafuta ya kalibu. Kilichopinda unakitia kwenye maji ya moto, kinalainika, unakinyoosha juu ya kioo, unakimwagia maji baridi, kinabaki hivyo. Gundi ya plastiki hapa haifui dafu, tumia supaglu. Na ukisugua kwa msasa, lowesha kwa maji na uvae barakoa, vumbi lake si la kuvuta kifuani.

Ilituchukua Jumapili nzima. Mmoja anashika, mwingine anahesabu sekunde. Sufuria ya ugali ikageuka ya vifaru, shitaka la pili hilo kwa mama watoto. Mikono ikatuungua. Na muda wote huo Hemedi anaongea! Shule, mwalimu wa hesabu, rafiki yake aliyehama, binti fulani ambaye sitamtaja maana gazeti hili analisoma hata shangazi yake. Ameongea Jumapili moja kuliko mwaka mzima. Tiger nzuri ilimfungia chumbani, kifaru kibovu kikamtoa.

Alitaka kuchora kichwa cha kifaru kwenye kile cha Lee. Mzee Fundi akamzuia kwa upole, vifaru vile havikuwa vya divisheni ya kina babu. Basi akanunua askari wadogo wenye kofia pana, akawapaka sura nyeusi, akachora alama begani kwa ncha ya sindano ya kushonea. Ukitazama bila miwani ni doa. Ukimwuliza atakuambia ni kifaru.

Maksi za Lee: 4 kati ya 10. Sidanganyi kwa sababu ya machozi, bidhaa ni mbovu na pesa ni pesa. Siku hizi Lee ya plastiki ipo sokoni, tafuta hiyo.

KWA WEWE ULIYE BONGO

Najua unaniuliza, sasa mimi niliye Sinza au Eastleigh inanihusu nini? Inakuhusu. Kanuni hazikuulizi kifaru umenunua wapi. Tuliounda magari ya waya na makopo utotoni tunajua boksi la viberiti, kadibodi na mrija wa soda vinatosha kutoa T-34 ya kuchezea. Kata kwa vipimo: kifaru halisi gawanya kwa 100, umemaliza.

Na ukipata hela ya kununua, jiulize maswali matatu tu. Nitakimaliza kukiunga? Kikianguka kitabaki? Mezani kina kazi gani? Swali la kina sura gani liwe la nne.

Kuhusu kesi yangu, mama watoto alisikiliza yote haya, hajanyanyua uso. Mwisho akasema, "Bili ya gesi utalipa wewe. Na sufuria mpya." Hukumu nimeikubali. Ila jana usiku natoka kwenda zamuni nikamkuta ameinama mezani, miwani puani, anamwuliza Hemedi: "Huyu mwenye kofia ndiye babu?"

Alhamisi ijayo Hemedi na Keya wake wanakutana na Mzee Fundi. Matokeo mtayapata hapa hapa. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na wewe usisubiri simu ipigwe kutoka Uingereza. Kama bibi yuko hai, kamwulize leo.